"Mfuata Mvua": Uonevu Shuleni na Kovu la Jina katika Chozi la Heri na Hadithi Fupi Mbili

Utangulizi

Mwalimu mwenzangu, nawe mtahiniwa, makala haya yanahusu maneno mawili tu: mfuata mvua. Ikiwa umeisoma riwaya ya Chozi la Heri ya Assumpta K. Matei, iliyochapishwa mwaka 2014, bila shaka unayakumbuka. Ni jina ambalo Ridhaa, angali mtoto mdogo, anabandikwa na wanafunzi wenzake anapoanza shule katika eneo ambako ukoo wake unahesabiwa kuwa wa watu wa kuja. Wenzake hawataki kucheza naye. Anarudi nyumbani akilia, naye anaapa mbele ya mamake kwamba shuleni harudi tena.

Aghalabu tukio hili hupewa mstari mmoja tu darasani, chini ya maudhui ya ukabila. Mwanafunzi huandika kuwa Ridhaa alibaguliwa shuleni, akapata alama yake moja, akaendelea na hoja nyingine. Mimi nami nilifundisha hivyo.

Lililonizindua lilitokea katika darasa langu mwenyewe. Nilikuwa nimemaliza kuisoma sura ya kwanza na kidato cha tatu. Niliandika jina hilo ubaoni, nikalipigia mstari, nikaeleza maana yake na kuuliza ni mbinu gani ya lugha iliyotumika. Darasani mlikuwa na mvulana aliyehamia kwetu muhula huo kutoka kaunti nyingine, mpole, mwenye lafudhi iliyotofautiana kidogo na ya wenzake. Wiki tatu baadaye, nikisahihisha insha, niliona kwenye jalada la daftari lake kuwa jina lake limefutwa kwa wino, na juu yake mkono mwingine umeandika "Mfuata Mvua". Nilipodadisi, niliambiwa kwamba bwenini hakuitwa jina jingine tangu siku ile. Katika foleni ya chakula aliambiwa asubiri wenyeji washibe kwanza. Tuliwakanya waliohusika, lakini muhula uliofuata mvulana yule hakurudi.

Sidai kuwa riwaya ndiyo iliyomfukuza. Ninachodai ni kwamba niliifundisha nusu. Niliwapa wanafunzi neno, nikawanyima mtoto aliyelibeba. Makala haya basi yanakusudia kuifundisha nusu ile iliyobaki: namna fasihi inavyousawiri uonevu shuleni, athari zake kwa kijana, na mahali ambapo mwandishi mwenyewe anastahili kuulizwa maswali.

Uonevu ni nini?

Si kila ugomvi wa wanafunzi ni uonevu. Wavulana wawili wa kimo kimoja wakigombania mpira, wakarushiana makonde na jioni wakala pamoja, huo ni ugomvi. Mwanasaikolojia Dan Olweus, aliyeutafiti uonevu wa shuleni kule Skandinavia tangu miaka ya 1970, alitilia mkazo mambo matatu ambayo mpaka leo hutumiwa kuutambulisha: mtendaji ana nia ya kudhuru, kitendo kinarudiwarudiwa, na nguvu za wahusika hazilingani. Nguvu hizo si lazima ziwe za misuli. Huenda zikawa za idadi, za umri, za mali, za ukoo au za ulimi mwepesi.

Nasi Wakenya tunaujua vyema katika sura yake ya nyumbani. Aliyesomea bweni anajua jinsi "njuka" wa kidato cha kwanza alivyoamrishwa apime urefu wa bweni kwa njiti ya kiberiti, au apulize balbu ya umeme izimike kama mshumaa. Anajua sanduku lililovunjwa usiku na ndoo za wakubwa zilizochotewa maji alfajiri. Watu wazima huyasimulia haya wakicheka, na kicheko hicho ndicho kinachotupofusha. Aliyeumizwa zaidi hayumo katika mazungumzo hayo. Huyo huwa amenyamaza pembeni, au hakuhudhuria kabisa.

Mhakiki wa kazi ya fasihi hana budi kumtafuta huyo aliyenyamaza. Mwandishi hana haja ya kuonyesha konde wala damu ili uonevu uwepo. Tazama nani anampa nani jina. Tazama nani anachezewa na nani anaachwa nje ya mchezo. Tazama mwili wa mhusika: anainamisha kichwa, anapoteza hamu ya chakula, anajifanya mgonjwa asubuhi? Hizo ndizo ithibati, nazo huwa katika vitenzi vidogo vidogo ambavyo msomaji wa haraka huvipita.

Jina linavyofanya kazi

Tuanze na jina lenyewe. Mfuata mvua ni nomino iliyoundwa kutokana na kitenzi "kufuata". Kwa juu juu halina tusi lolote. Mvua ni baraka. Mkulima na mfugaji wote huifuata. Lakini jinsi linavyotumiwa ni istiara ya kumtenga mtu: wewe si wa hapa, umeletwa na neema ya ardhi yetu, na neema ikiisha utaondoka. Ukatili wa jina hili umo katika kujificha kwake. Mwalimu akilisikia uwanjani anaweza kudhani ni mzaha. Mtoto anayeitwa hivyo hawezi hata kushtaki, maana atasema ameambiwa nini? Kwamba alifuata mvua?

Pili, jina hili linaondoa jina jingine. Mhusika huyu anaitwa Ridhaa, neno lenye maana ya kukubali kwa moyo mweupe. Hapa pana kinaya ambacho watahiniwa wengi hawakitaji: mtoto mwenye jina la kukubaliana ndiye asiyekubaliwa. Wazazi walimpa jina la kuridhiana, uwanja wa shule ukampa jina la kufukuzwa. Kijana anayekua hujenga picha ya nafsi yake kwa kusikia anavyoitwa. Akiitwa kwa jina la kejeli asubuhi, mchana na jioni, huanza kulijibu. Na siku anapolijibu ndipo uonevu umefaulu.

Tatu, kutengwa huku kunafanywa na kundi.  Wanaomtenga Ridhaa ni wengi, na riwaya haiwafuati hadi utu uzima wao ili tuwafahamu kwa majina na tabia. Nadhani huu ni uamuzi wa kisanaa wenye maana. Yeyote kati yetu angeweza kuwa mmoja wao, na wala asikumbuke. Mwenye kovu hukumbuka. Mwenye kisu husahau.

Kwa nini mbinu rejeshi?

Swali ambalo mwalimu hodari huuliza si "nini kilitokea?" bali "kwa nini kinasimuliwa hapa?" Tukio la utotoni la Ridhaa halisimuliwi kwa mfuatano wa miaka. Riwaya inamfungua msomaji machoni kwa mtu mzima, daktari, aliyesimama penye magofu ya nyumba yake baada ya ghasia zilizofuata uchaguzi. Jamaa zake wameteketea. Mzee Kedi, jirani aliyekula na kunywa naye kwa miaka, amehusika katika unyama huo. Hapo, katikati ya majivu, ndipo kumbukumbu inapomrudisha Ridhaa katika uwanja wa shule.

Hii ndiyo mbinu rejeshi, au kisengere nyuma kama wengine wanavyoiita. Wanafunzi wengi huitaja na kusema tu kwamba inatupa habari za awali za mhusika. Ni kweli, lakini haitoshi. Kwa kuliweka jina la utotoni kando ya moto wa utu uzima, mwandishi anamlazimisha msomaji ayaone mambo hayo mawili kama ncha mbili za kamba moja. Watoto waliokataa kucheza na Ridhaa na majirani waliomchomea nyumba wanasema neno moja: wewe si wetu. Tofauti iliyopo ni ya umri na kiberiti.

Hatusemi kuwa Kedi alikuwa mmoja wa watoto wale. Riwaya haisemi hivyo, nasi tusiitungie. Tunachosema ni kwamba muundo wa masimulizi unaufanya uwanja wa shule kuwa kitalu. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Mtahiniwa akieleza uhusiano huu wa muundo na maudhui, atakuwa ametoka katika kukariri na kuingia katika kuhakiki.

Kumbukumbu hiyo inatupa pia athari ya kwanza ya uonevu kwa kijana, nayo ni kudumu kwake. Ridhaa amesoma, ameoa, amezaa na kuwatibu watu wa eneo lilelile lililomtenga. Hata hivyo msiba unapompata, jeraha la utotoni liko palepale likimngoja. Uonevu haukumzuia kufika mbali, lakini ulifuatana naye njia nzima.

Watoto huokota wapi maneno yao?

Mtoto wa shule ya msingi hajui siasa za ardhi. Hajui nani alihamia wapi na mwaka gani. Basi neno mfuata mvua alilitoa wapi? Jibu halina siri: alilisikia nyumbani, penye chakula, watu wazima wakizungumza wakidhani watoto wamelala. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

Riwaya yenyewe inatupa ushahidi. Mtazame Subira, mamake Mwanaheri. Yeye si mtoto wala hayumo shuleni; ni mke aliyeolewa katika familia ya ukoo mwingine, naye anatengwa na jamaa za mumewe kwa sababu ya asili yake, hadi anaondoka na kuwaacha wanawe. Ukiyaweka masaibu ya Subira na ya Ridhaa bega kwa bega, utaona kuwa ni kitendo kimoja katika mandhari mawili. Nyumba ndiyo inayofundisha, na shule ndiyo inayofanyia mazoezi. Kwa sababu hiyo, si haki kuuliza, "Wanafunzi wa siku hizi wamekuwaje?" bila kuuliza tumekuwa tukisema nini mbele yao.

Hapa mtahiniwa anaweza kupata hoja nzito kuhusu ukabila na malezi kwa pamoja, badala ya kuzigawa kama mambo yasiyojuana.

Kicheko kinachosikika kichwani

Sasa tuiache riwaya kidogo tuingie katika Tumbo Lisiloshiba na Hadithi Nyingine, mkusanyiko uliohaririwa na Alifa Chokocho na Dumu Kayanda. Katika hadithi ya "Mame Bakari" ya Mohammed Khelef Ghassany, tunakutana na Sara, msichana wa shule ya sekondari aliyebakwa na kupata mimba. Wengi hufundisha hadithi hii kama kisa cha ubakaji, na ndivyo ilivyo. Lakini hebu iangalie tena kwa jicho la makala haya.

Sehemu kubwa ya mateso ya Sara baada ya kitendo kile kiovu inatendeka akilini mwake. Anawaza hali itakavyokuwa wazazi wakijua. Anawaza atakavyofukuzwa shule. Anawaona wenzake wakimcheka na kumnyooshea vidole. Kicheko hicho bado hakijatokea, lakini Sara anakisikia waziwazi, nacho kinamfungia ndani ya siri inayomla.

Sara anajuaje kuwa atachekwa? Anajua kwa sababu ni mwanafunzi, na wanafunzi huona wengine wakichekwa. Hapa mwandishi anatufunulia athari ya pili ya uonevu, nayo ni pana kuliko ya kwanza: uonevu haumuumizi anayeonewa peke yake. Humfunza kila anayetazama kwamba siku atakayopatwa na balaa, asiseme. Shule yenye kejeli huzaa wanyamavu. Msichana aliyeshikwa na mwalimu asiye na haya, mvulana anayepigwa nyumbani, yatima aliyekosa sare, wote hupima kwanza: nikisema, nitachekwa? Jibu likiwa ndiyo, hufunga midomo, na mkosaji wa kweli hulala usingizi.

Tena tazama mwisho wa hadithi hiyo. Sara anapopata watu wa kumsikiliza, mambo hayawi kama alivyoogopa. Wazazi aliodhani watamtupa wanasimama naye. Si kwamba hofu yake ilikuwa ya kipumbavu. Ilikuwa na msingi katika jamii aliyoiona. Lakini muda alioupoteza katika kimya ni muda aliodhulumiwa mara ya pili.

Uamuzi wa Ghassany wa kusimulia mengi kupitia mawazo ya Sara unastahili kutajwa kama mbinu. Uzungumzinafsi na taswira za kuogofya hutuingiza katika akili ya kijana, mahali ambapo mwalimu mwenye orodha ya mahudhurio hafiki. Mwanafunzi yupo kwenye kiti. Orodha inasema yupo. Kumbe hayupo.

Je, kufaulu ndiyo dawa?

Hadi hapa nimeisifu Chozi la Heri. Mhakiki mwaminifu lakini hasifu tu. Lipo jambo moja linalonikera, nami nakusihi, msomaji, ulipime mwenyewe.

Jawabu ambalo riwaya inampa Ridhaa lina sehemu mbili. Kwanza, mamake hampuuzi. Anamtuliza, kisha anakwenda kuzungumza na mwalimu, naye mwalimu anawahutubia wanafunzi kuhusu kuishi kwa utangamano. Hili ni zuri na tutalirudia. Pili, Ridhaa anafanya bidii, anang'ara katika masomo na hatimaye anakuwa daktari. Msomaji anapumua: mtoto aliyedharauliwa amewapita waliomdharau.

Tatizo liko katika sehemu hii ya pili. Tunawaambia vijana wetu, hata bila kukusudia, kwamba jibu la uonevu ni kushika nambari ya kwanza. Je, yule anayeonewa naye anashika nambari ya 38? Je, yule ambaye uonevu wenyewe ndio uliomshusha? Kijana asiyelala vizuri usiku kwa hofu ya bwenini hawezi kumakinika katika hesabu asubuhi. Kumwambia alipize kwa alama ni kumwambia aliyevunjika mguu ashinde mbio ndipo apewe gongo.

Na hata aliyefaulu, amepewa kukubaliwa kwa masharti. Ridhaa alikubaliwa kwa kuwa ana manufaa. Alijenga na kutibu. Ghasia zilipozuka, manufaa yale yote hayakumkinga. Kwa hiyo riwaya, bila kulitamka, inaivunja hoja yake yenyewe: kufaulu hakukuondoa jina. Binafsi naamini hapa ndipo penye ukweli wake mkubwa zaidi, na ni heri mwalimu awaongoze wanafunzi kuuona mgongano huu kuliko kuuficha.

Linganisha na hadithi ya "Mtihani wa Maisha" ya Eunice Kimaliro katika Tumbo Lisiloshiba. Samueli anafeli mtihani. Anajiona bure mbele ya familia na mbele ya dunia, naye anakwenda kujitosa majini ili afe, akaokolewa. Hakuna kundi la wavulana linalomwonea bwenini. Lakini kipimo kilichomfikisha majini ni kilekile kilichompandisha Ridhaa: thamani yako ni alama zako. Ukizisoma kazi hizi mbili pamoja, unaona kwamba shule inayompa heshima mwenye alama peke yake imeshamwonea asiye nazo, hata kama hakuna aliyeinua mkono. Na wakati mwingine mwonevu huyo amevaa tai na kushika chaki. Mwalimu anayesoma alama kwa sauti kuanzia ya mwisho huku darasa likicheka, ajiulize anafanya nini.

Bweni linaloponya

Isidhaniwe kuwa fasihi yetu huonyesha giza tu. Katika Chozi la Heri tena, Umulkheri, msichana aliyefiwa na baba, akaachwa na mama na kutenganishwa na ndugu zake Dick na Mwaliko, anakutana shuleni na wasichana wengine: Kairu, Mwanaheri, Chandachema na Zohali. Kila mmoja ana la kusimulia. Mmoja alionja ukimbizi, mmoja aliondokewa na mama, mmoja alipata mimba akiwa shuleni na kuishia mtaani. Wanasimuliana.

Kwa upande wa mbinu, hii ni hadithi ndani ya hadithi. Kwa upande wa maudhui, ni kinyume kamili cha uwanja wa Ridhaa. Kule kundi linamtenga mmoja. Hapa kundi linampokea mmoja baada ya mwingine. Kule jina moja la kejeli linafuta historia ya mtoto. Hapa kila mtoto anaitaja historia yake kwa kinywa chake. Zohali anaweza kusema kwamba alizaa, na hachekwi. Kumbuka kicheko alichokiogopa Sara, kisha usikilize ukimya wa wasichana hawa wakimsikiliza mwenzao. Waandishi ni wawili na vitabu ni viwili, lakini ni kana kwamba mmoja anamjibu mwenzake.

Na tazama: wasichana hawa hawakuponywa na kufaulu. Waliponywa na kusikilizwa. Hapo ndipo riwaya inapojirekebisha.

Neno kwa mwalimu

Sheria iko wazi. Adhabu ya viboko ilipigwa marufuku katika shule za Kenya mwaka 2001. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inakataza mwanafunzi kupewa adhabu ya kimwili au kuteswa kisaikolojia, na Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 imeusisitiza ulinzi wa mtoto. Lakini sheria haiingii bwenini saa nne za usiku. Mwaka 1999 mjini Nyeri, viranja wanne wa shule ya upili walifungiwa chumbani usiku na wanafunzi wenzao, wakateketezwa. Sitaki kurahisisha kisa kizito kama hicho. Nakitaja tu kwa sababu kinatukumbusha kuwa chuki kati ya wanafunzi si mchezo wa watoto, na haianzi siku ya moto.

Mwalimu wa Kiswahili ana silaha ambayo naibu wa mwalimu mkuu hana. Ana kitabu. Anaweza kulizungumzia jambo bila kumtaja aliyemo darasani. Lakini, kama nilivyojifunza kwa gharama ya mtoto wa watu, silaha hiyo ina makali pande zote mbili. Napendekeza mambo matatu. Unapofundisha jina la kejeli, usiliache ubaoni peke yake. Liandike pamoja na jina halisi la mhusika, na umwite mhusika kwa jina lake halisi muda wote wa somo. Waulize wanafunzi maswali kwa upande wa Ridhaa kabla ya kuuliza mbinu ya lugha: alitembea vipi kwenda nyumbani? Kwa nini alimwambia mama kwanza? Wiki chache baadaye, sikiliza. Mamake Ridhaa alifaulu kwa sababu alimsikiliza mtoto siku ileile na kuchukua hatua, na mwalimu akafanya sehemu yake bila kusubiri kamati.

Neno kwa mtahiniwa

Vitabu nilivyovitumia hapa vilikuwa vitabu teule vya KCSE na sasa vimepisha vingine. Hoja hazijapishwa. Kitabu chochote utakachotahiniwa, ukiulizwa kujadili uonevu, dhuluma dhidi ya vijana au athari za ubaguzi, zingatia haya.

Kwanza, usiorodheshe matukio. "Ridhaa aliitwa mfuata mvua" ni tukio. "Jina la mfuata mvua linamnyima Ridhaa utambulisho wake na kumfanya atake kuacha shule" ni hoja. Hoja huwa na kitendo, mtendwa na athari.

Pili, tofautisha athari za papo hapo na za kudumu. Machozi na utoro ni vya papo hapo. Kumbukumbu inayomrudia mtu mzima katika msiba ni ya kudumu. Kimya cha Sara ni athari kwa mtu ambaye bado hajachekwa. Ukizipanga hivi, insha yako itakuwa na mtiririko.

Tatu, husisha mbinu na maudhui. Mbinu rejeshi, kinaya cha majina, uzungumzinafsi na hadithi ndani ya hadithi si mapambo. Eleza kila moja inatuonyesha nini kuhusu maumivu ya mhusika ambacho hatungekiona bila hiyo mbinu.

Nne, ukiulizwa maoni, toa maoni. Unaruhusiwa kusema kuwa suluhisho la mwandishi halitoshi, mradi utoe ithibati kutoka matini.

Jizoeze kwa swali hili: "Anayeonewa shuleni huonewa mara mbili: na wanaomcheka, na wanaonyamaza." Thibitisha ukweli wa kauli hii kwa kurejelea riwaya au hadithi fupi uliyoisoma. (alama 20)

Tamati

Nimeonyesha kuwa uonevu shuleni si kijihoja cha kupachikwa chini ya ukabila. Una chanzo chake katika mazungumzo ya watu wazima, una lugha yake ya majina na vicheko, na una athari zinazomfuata kijana hadi uzeeni. Nimeonyesha pia kwamba fasihi yetu inapotoa dawa ya kufaulu mtihani inatoa dawa isiyowafikia wote, na kwamba dawa iliyo bora imo ndani ya riwaya hiyohiyo, katika bweni la kina Umu.

Daftari la mvulana yule lilibaki katika rundo la insha zangu, kwa kuwa hakurudi kulichukua. Bado ninalo. Insha aliyoandika ilikuwa juu ya mada niliyowapa wote: "Siku yangu ya kwanza shuleni." Nilikuwa nimempa alama 13 kwa 20 na kusahihisha tahajia zake. Sikuwa nimesoma alichokuwa akiniambia.